Kurejelewa, Athari na Vinasaba: Istilahi za Kuelezea Kazi ya Mtaalamu

Miezi michache iliyopita tulipokea katika Sehemu yetu ya Istilahi barua ya kurasa mbili kutoka kwa mwalimu mmoja wa Mamboya, Wilaya ya Kilosa. Mwalimu huyo alikuwa ameombwa awasomee wananchi mkutanoni ukurasa mmoja uliotafsiriwa mjini. Ukurasa huo ulieleza habari za mtaalamu wa ikolojia na jenetiki aliyewahi kufanya utafiti Mikumi: ameandika nini, kazi zake zimetumiwa kwa kiasi gani na wataalamu wenziwe, na kwa nini wapo watu wanaozunguka porini wakiokota kinyesi cha tembo. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mtaalamu huyu ana mazao mengi ya utafiti na athari kubwa katika ikolojia ya tembo." Mwalimu aliisoma kama ilivyoandikwa. Mzee mmoja akasimama, akampa pole mtaalamu, kisha akauliza kama amekwisha kulipwa kifuta jasho.

Kwa msomaji asiyekaa karibu na hifadhi, yafaa tueleze kwamba kifuta jasho ni malipo ambayo serikali humpa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Mzee hakufanya mzaha. Alisikia mazao, akasikia athari, akasikia tembo. Akaunganisha maneno hayo matatu kama mtu yeyote wa Kilosa angeyaunganisha. Mkutano ulicheka, halafu ukabishana juu ya fidia hadi jua likaelekea kuzama, na jambo lenyewe lililowakutanisha watu halikuelezwa. Mwalimu anatuuliza: je, Kiswahili hakina maneno ya kusema habari hii, au mfasiri hakuyatafuta?

Jibu letu ni kwamba maneno yapo, ila mengi yamekwisha kuajiriwa mahali pengine, na mfasiri hana budi kujua yameajiriwa wapi kabla ya kuyapa kazi mpya. Katika makala hii tutayapitia yale ambayo mwalimu ameyauliza. Lakini istilahi haziwezi kupimwa hewani, kwa hiyo kwanza tumweleze mtaalamu mwenyewe na kazi yake.

Anayezungumziwa ni Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yake alichunguza nyani wa manjano katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahali ambapo uchunguzi wa nyani hao ulikuwa umeanza mwaka 1974. Alichotaka kujua ni kwa nini majike wengine huzaa na kulea kwa urahisi, na wengine, wakisumbuliwa na wenzao, mimba zao hucheleweshwa au kuharibika. Mwaka 1983, pamoja na David Barash, alichapisha makala juu ya jambo hilo kwa mamalia wa kike kwa jumla. Mwaka 1988 ikafuata makala juu ya nyani wa Mikumi wenyewe. Shida yake kubwa ilikuwa namna ya kupima homoni za mnyama wa porini bila kumkamata, kwa maana mnyama aliyekamatwa hutiwa hofu, na hofu hiyo huyabadilisha yale yale yanayopimwa. Njia iliyopatikana ni kinyesi. Mnyama hukiacha mwenyewe, kila siku, bila kuombwa.

Kutoka homoni za nyani, njia hiyo iliingia katika vinasaba vya tembo. Kinyesi cha tembo kinapopita utumboni huchukua chembe hai za ukuta wa utumbo, na chembe hizo zina vinasaba vya mnyama aliyekitoa. Wasser na wenzake walikusanya sampuli za namna hiyo kutoka sehemu nyingi za Afrika, wakachunguza sehemu 16 za vinasaba ambazo hutofautiana baina ya tembo wa nchi moja na wa nchi nyingine, wakachora ramani. Pembe iliyokamatwa bandarini ikisagwa unga na kutolewa vinasaba, ramani hiyo huonyesha alikotoka tembo mwenyewe. Makala ya kueleza njia hiyo ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2007 walieleza asili ya shehena ya tani 6.5 iliyokamatwa Singapore mwaka 2002: ilielekea zaidi Zambia na kandokando yake. Mwaka 2015, katika jarida la Science, walitoa matokeo ya shehena kubwa 28 zilizokamatwa baina ya mwaka 1996 na 2014, na hapo ndipo Tanzania ilipotajwa waziwazi: kwa miaka ya karibuni, sehemu kubwa ya pembe za tembo wa nyika ilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji iliyo jirani.

Habari hiyo haikuwa ya kitabuni tu. Hesabu ya tembo katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi ilikuwa 38,975 mwaka 2009; mwaka 2013 ilikuwa 13,084. Watu waliokuwa wakibisha kwamba pembe zinazokamatwa ughaibuni hutoka nchi nyingine walionyeshwa kwa vinasaba kwamba zilitoka humu humu.

Wala kazi hiyo haikuwa ya Mmarekani peke yake. Benezeth Mutayoba, wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mwandishi mwenza wa baadhi ya makala hizo. Kathleen Gobush, akiwa mwanafunzi wa Wasser, alirudi Mikumi kuchunguza majike ya tembo waliosalia baada ya ujangili wa kabla ya mwaka 1989, mwaka ambao biashara ya pembe ilipigwa marufuku duniani. Katika makala ya mwaka 2008, aliyoiandika pamoja na Mutayoba na Wasser, ilionekana kwamba majike wasio na jamaa wa karibu, katika makundi yasiyo na jike kongwe, walikuwa na homoni nyingi zaidi za msongo na walizaa kidogo. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu risasi ziliponyamaza, na bado madhara yalikuwa yakisomeka katika kinyesi. Makala nyingine ya mwaka 2009 ilionyesha jinsi ukoo wa tembo hao ulivyovunjika, hata wanaotembea pamoja wakawa si lazima wawe ndugu.

Hiyo ndiyo habari iliyotakiwa kuelezwa Mamboya. Sasa turudi kwenye maneno.

La kwanza ni "mazao". Mfasiri alilichukua kwa mfano wa viwandani, ambako husemwa mazao ya kiwanda, mazao ya misitu, mazao ya baharini. Kisarufi hakukosa: kitu kinachozalishwa ni zao. Lakini mtafiti hazalishi kitu cha aina moja. Anapata matokeo, yaani yale aliyoyagundua. Na anatoa machapisho, yaani makala na vitabu vinavyoyatangaza matokeo hayo. Yanayohesabiwa na vyuo ni machapisho, si matokeo. Mtu aweza kuwa na tokeo moja kubwa lililotoka katika makala tatu, au makala kumi zenye tokeo moja lililorudiwarudiwa. Neno "mazao" linaficha tofauti hiyo, na "matokeo" linaichanganya. Sisi tunashauri isemwe "jumla ya machapisho" pale panapotajwa idadi, na "kazi za utafiti" pale panapotajwa shughuli yenyewe. Mfasiri asiogope kwamba maneno haya ni ya kawaida mno. Istilahi si lazima imshangaze mtu.

La pili ni zito zaidi: tendo la mtaalamu mmoja kuitaja kazi ya mwenziwe ndani ya makala yake, kwa kuonyesha kwamba ameitegemea, ameipinga au ameiendeleza. Tumeona tafsiri nne. "Nukuu" ni kuchukua maneno ya mtu kama alivyoyasema, na katika sayansi hilo hutokea mara chache sana. Anayetumia ramani ya vinasaba ya mwaka 2004 hanukuu hata sentensi moja. "Dondoo" ni kipande kilichochaguliwa kutoka maandishi marefu, nalo halifai. "Kutajwa" ni karibu zaidi, na kwa mazungumzo linatosha. "Kurejelewa" ndilo tunalolipendelea: kazi moja humpeleka msomaji kwenye kazi nyingine. Kutokana nalo tunapata "rejeleo" kwa tendo moja, na "idadi ya kurejelewa" kwa jumla yake. "Marejeo" libaki kuwa jina la orodha iliyo mwishoni mwa kitabu, kama wanafunzi walivyozoea.

Mtumishi wa mahakama atatuzuia hapa, naye ana haki. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na shahidi mtaalamu katika kesi ya nyara huweza kuelezwa sifa zake kwa Kiswahili mbele ya hakimu. Sasa, mahakamani "maombi ya marejeo" ni kuomba shauri litazamwe upya, na kesi "inapotajwa" maana yake ni kwamba imeitwa kwa muda mfupi na kuahirishwa. Tukisema kwamba makala ya shahidi ina marejeo mengi, wakili mwerevu aweza kusikia kwamba imetiliwa shaka mara nyingi. Tukisema imetajwa mara elfu moja, karani aweza kudhani imeahirishwa mara elfu moja. Tunaona kwamba katika ushahidi yafaa kurefusha: "wataalamu wengine wameitumia na kuirejelea makala hii katika machapisho yao". Maneno ni mengi, lakini mahakamani ufupi si fadhila kubwa kuliko usahihi.

Ajabu ni kwamba desturi ya kuhesabu marejeleo ilianza karibu na mahakama. Huko Marekani, tangu mwaka 1873, Frank Shepard alikuwa akitoa orodha za kumwonyesha wakili ni hukumu zipi za baadaye zimeitaja hukumu fulani, ili asije akategemea uamuzi uliokwisha kutenguliwa. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza orodha ya namna hiyo kwa makala za sayansi, na katika miaka ya 1960 akaanza kuitoa. Lengo lake la kwanza lilikuwa kumsaidia msomaji atafute makala. Kuwapima watu kulikuja baadaye, kwa kuwa kitu kinachohesabika hakikai muda mrefu bila kutumiwa kupimia.

Na hapo ndipo linapoingia neno "athari". Katika Kiswahili cha fasihi neno hili halina ubaya: tunasema athari za Kiarabu katika ushairi, athari za malenga fulani kwa waliomfuata. Asili yake ni alama inayobaki baada ya kitu kupita. Lakini katika lugha ya redio na ya ofisi limeelemea upande wa madhara, na Kilosa wanajua hivyo kuliko wengine. Baada ya mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu wa wilaya hiyo walikaa katika kambi wakiitwa "waathirika". (Wasomaji watakumbuka mabishano kama waitwe hivyo au "waathiriwa", hatutayafufua hapa.) Mtu aliyewahi kuandikwa katika daftari la waathirika hawezi kusikia kwamba mtaalamu ana athari kubwa kwa tembo akafikiri ni sifa.

Yako mapendekezo mengine. "Taathira" hubeba maana ya mvuto juu ya mtu au jambo, nalo halijachafuliwa. Tunalikubali pale mwandishi anapotaka kueleza kwa maneno jinsi kazi moja ilivyogeuza fikra za wengine. "Umuhimu", "ubora" na "uzito" tunayakataa katika kutaja hesabu hii, na sababu yetu si ya kisarufi. Idadi ya kurejelewa inahesabu kitu kimoja tu: mara ngapi makala imetajwa katika machapisho mengine yaliyoingizwa katika daftari la mhesabuji. Makala mbaya yaweza kutajwa sana na watu wanaoikosoa. Makala nzuri yaweza kukosa kutajwa kwa sababu wanaoihitaji ni askari wa wanyamapori, nao hawaandiki majaridani. Kiingereza kimechagua kuipa hesabu hiyo jina linalodokeza kishindo cha kitu kinachogonga kingine. Kiswahili hakilazimiki kurithi majivuno hayo. Tunashauri "kiwango cha kurejelewa", na mtu akitaka kusema kwamba kiwango hicho ni dalili ya ubora, aseme hivyo kwa sentensi yake mwenyewe, tumwulize hoja.

Kipimo kinachotajwa zaidi katika ukurasa wa mwalimu ni kile cha Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alichokitoa mwaka 2005. Mfasiri alikiita "faharasa ya h". Hilo ni kosa dogo lenye kupoteza njia. "Faharasa" ni orodha ya maneno au mada iliyo mwishoni mwa kitabu. "Fahirisi" ni nambari inayofupisha hesabu nyingi, kama fahirisi ya bei za mlaji inayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, na si lazima tumfuate mwenye umaskini pale sisi tulipojaliwa mawili. Tuseme, basi, "fahirisi ya Hirsch", au kwa kifupi "fahirisi ya h".

Hukokotolewa hivi. Panga machapisho ya mtaalamu kuanzia lililorejelewa mara nyingi zaidi hadi lililorejelewa mara chache zaidi, kisha hesabu ukiteremka. Tuseme ana machapisho matano, yaliyorejelewa mara 30, 12, 5, 4 na 1. La kwanza lina marejeleo yasiyopungua 1, la pili yasiyopungua 2, la tatu yasiyopungua 3, la nne yasiyopungua 4; la tano lingehitaji 5, nalo lina 1 tu. Fahirisi yake ni 4. Zingatia kwamba lile la kwanza lingekuwa na marejeleo 3,000 badala ya 30, fahirisi ingebaki 4. Zingatia pia kwamba fahirisi haishuki kamwe, hata mtu akiacha kazi, na kwamba mwenye machapisho matatu tu hawezi kupita 3 hata angekuwa amegundua dawa ya malaria. Hatutaji fahirisi ya Wasser mwenyewe, kwa kuwa nambari hiyo hubadilika kila wakati na hutofautiana kwa kila mhesabuji, kulingana na majarida aliyoyaweka katika daftari lake. Mfasiri anayeitaja aandike daima ni ya daftari gani na ya tarehe gani. Bila hayo ni kama bei ya gunia isiyotajwa soko.

Kipo kipimo kingine, cha majarida badala ya watu, ambacho hutafsiriwa "kigezo cha athari". Tungependa kiitwe "wastani wa kurejelewa kwa jarida", maana ndivyo kilivyo. Kama jarida lilitoa makala 100 katika miaka ya 2021 na 2022, na mwaka 2023 makala hizo zikarejelewa mara 250, wastani ni 2.5. Miaka miwili hiyo tu ndiyo inayoangaliwa. Kwa Mamboya kipimo hiki kina kichekesho chake. J. T. Last, aliyekuwa katika kituo cha misheni hapo hapo Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikagulu mwaka 1886, na anayeichunguza lugha hiyo leo bado ana sababu ya kukifungua kitabu hicho. Kazi inayodumu zaidi ya karne, kwa kipimo cha miaka miwili, haionekani kabisa. Wataalamu wenyewe wameliona tatizo: azimio lililotokana na mkutano wa San Francisco wa mwaka 2012 linawasihi waajiri wasimpime mtafiti kwa wastani wa jarida alimochapishiwa.

Maneno ya elimu yenyewe yana matatizo machache zaidi. "Ikolojia" limekwisha kukaa. Linalosumbua ni mazoea ya kulitumia mahali pa "mazingira". Mazingira ni vitu vinavyomzunguka kiumbe. Ikolojia ni elimu ya jinsi viumbe na mazingira yao wanavyohusiana. Tembo hana ikolojia yake mfukoni. "Jeni" na "jenetiki" nayo yamekubalika.

"Vinasaba" ndilo linalostahili kukawiwa. Ni neno zuri, lililojengwa kutoka "nasaba", na limeingia hata katika sheria, yaani Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Huko linataja ile asidi ndefu iliyomo katika chembe hai, ambayo juu yake jeni zimepangika. Wako wanaotumia "kinasaba" kwa maana ya jeni moja. Tunaona heri tuyatenganishe: jeni ni kipande chenye kazi maalumu, vinasaba ni maada nzima. Zile sehemu 16 alizozitumia Wasser ni vinasaba, lakini si jeni, kwa maana hazina kazi inayojulikana ya kuujenga mwili. Ni vipande vinavyojirudiarudia, na idadi ya marudio ndiyo inayomtambulisha tembo. Mfasiri aliyeandika "jeni 16" aliwapa wasomaji wake jambo lisilo kweli.

Mwalimu wa Mamboya ameleta hoja ambayo sisi wa ofisini hatukuwa tumeifikiria. Katika matumizi ya pwani, mtu akiulizwa nasaba yake aghalabu huanza na baba na babu upande wa kuumeni. Lakini Wakaguru huhesabu ukoo kwa mama. Wazee walipoelezwa "nasaba ya tembo" waliuliza mara moja: kwa upande upi? Na swali hilo, msomaji, ndilo swali la mtaalamu hasa. Vinasaba viko vya namna mbili. Vilivyomo katika kiini cha chembe hai hutoka kwa mama na baba nusu kwa nusu. Vilivyomo katika mitokondria, vile vijisehemu vinavyotengeneza nishati, hutoka kwa mama peke yake. Kundi la tembo nalo hufuata upande wa kike: jike kongwe, binti zake, na wana wa binti zake, huku madume yakiondoka yanapokomaa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama majike wanaotembea pamoja Mikumi ni wa ukoo mmoja huangalia kwanza vinasaba vya mitokondria, kisha vya kiini ili ajue ukaribu wa udugu. Mwalimu ameandika kwamba alipoeleza "ukoo wa mama" kwa istilahi za Kikaguru, hakuna aliyeuliza swali la pili. Tunapendekeza "vinasaba vya upande wa mama" kama maelezo ya kawaida ya vinasaba vya mitokondria, na tunamshukuru.

Kuhusu kinyesi tuna neno moja tu. Tumeona ripoti zikiandika "taka za mnyama", "mabaki ya chakula" na hata "samadi". Samadi ni kinyesi kilichokusudiwa shamba. Taka ni kitu kisichotakiwa, na hiki kimesafirishwa hadi Marekani katika vichupa. Kinyesi ni kinyesi.

Tulimtumia mwalimu tafsiri mpya ya ukurasa wake. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Mtaalamu huyu amechapisha makala nyingi juu ya ikolojia na vinasaba vya wanyamapori, na makala hizo zimerejelewa mara nyingi na wataalamu wengine." Ametuandikia tena kwamba safari hii mkutano ulifika mwisho. Habari ya majike yatima iliwagusa watu kuliko nambari zote. Mzee yule yule wa kifuta jasho aliuliza swali moja: wale vijana wanaookota kinyesi na kuandika mahali kilipookotwa, nao wamo katika hesabu hiyo ya kurejelewa?

Hawamo. Mwandishi wa kwanza na waandishi wenza hupata kila rejeleo la makala yao. Anayetajwa katika fungu la shukrani hapati hata moja, na aliyelipwa kwa siku mara nyingi hatajwi hata humo. Wala mkutano wa Mamboya wenyewe, uliofanywa kwa Kiswahili, hauongezi kitu katika fahirisi ya mtu, kwa kuwa daftari hizo kwa sehemu kubwa ni za majarida ya Kiingereza. Tulimjibu mwalimu hivyo bila kupamba.

Limebaki jina la kundi hilo la watu. Kiingereza huwaita wasaidizi wa uwandani, na tafsiri hiyo imekwisha kuenea. Mwalimu anaikataa: anasema msaidizi ni yule ambaye kazi ingefanyika hata asipokuwapo. Yeye amependekeza "waokotaji", ambalo wenzetu wengine katika Sehemu wanaliona la dharau na wengine la haki. "Wakusanya sampuli" ni sahihi lakini halimtaji anayejua njia za tembo. Hatujaafikiana. Istilahi nyingine zilizomo katika makala hii zitapelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji. Hii moja tunaiacha wazi hadi toleo lijalo, na wasomaji walio Mikumi, Kilosa au penginepo ambako kazi hiyo hufanywa tunawaomba watuandikie wao wenyewe huitanaje.